Ufunguo Ulio Mkononi mwa Mwingine

Mtu apitaye Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, huiona nyumba kubwa ikabiliyo bahari, ambayo leo ni hoteli. Zamani ilikuwa nyumba ya simu za waya. Mwaka 1879 waya wa Waingereza uliolazwa chini ya bahari ulitoka Aden ukafika Unguja, ukaendelea hata Durban; na tangu hapo habari za haraka, za Sultani na za wafanya biashara wa karafuu, zilipita mikononi mwa kampuni moja ya London.

Wasomaji wetu watauliza: Mambo hayo ya kale yatufaa nini? Yatufaa, kwa kuwa yamerudi. Kampuni moja ya Marekani, Meta, ndiyo yenye Facebook. Iliinunua Instagram mwaka 2012, na WhatsApp mwaka 2014. Mvuvi wa Malindi apatanaye bei na mteja, mama wa Paje auzaye mwani, jamaa walioko Muscat wangojao habari za mgonjwa wa nyumbani, wote wapita mlango huo mmoja. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021 mlango ulifungwa. Mafundi wa kampuni, wakitengeneza mitambo yao, walitoa amri yenye kosa, na kwa muda wa saa sita hivi mitandao yote mitatu ikanyamaza duniani kote. Hapakuwa na vita wala dhoruba.

Watu wa Unguja walikwisha kufundishwa somo hili kwa uchungu. Tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikaa gizani, kwa sababu umeme wake ulitoka bara kwa waya mmoja tu, ufikao Fumba. Mwenye jenereta aliwasha taa. Asiye nayo alitafuta mafuta ya taa na maji ya kisima. Baada ya msiba ule hawakuukataa umeme, bali waya mwingine ulilazwa, ukamalizika mwaka 2013.

Nasi hatusemi simu zitupwe baharini. Twataka pawe na waya wa pili. Barua pepe ni mfano mwema: mteja wa kampuni hii humwandikia mteja wa kampuni ile, kama barua za posta. Huko Ulaya, sheria iliyoanza kuzibana kampuni kubwa Machi 2024 yailazimisha WhatsApp ipokee ujumbe kutoka programu nyingine. Kwetu bado. Iko pia Signal, ya shirika lisilotafuta faida. Walakini haitamfaa mtu ambaye shangazi yake hayumo, na mashangazi hawahami upesi.

Mwenye nyumba ya wageni, akatwaye sehemu ya fedha na mawakala wa ng'ambo kwa kila chumba, amwombe mgeni anwani yake, ili arudipo aandike moja kwa moja. Picha za ubatizo na harusi zichapishwe, zisiachwe katika ghala la mwingine. Na jioni moja wazazi wawaambie watoto waandike, pasipo kufungua simu, namba za watu watano wa ukoo. Wengi watashindwa hata namba ya mama. Basi kesho yake linunuliwe daftari, liandikwe, litiwe kabatini pamoja na vyeti.