SOMO LA MWEZI: TUNAPOUMWA KIPANDAUSO

Soma kwanza: 2 Wafalme 4:18-20

Katika kifungu hiki tunamwona mtoto wa yule mama Mshunami akiwa shambani pamoja na wavunaji. Mara anamlilia baba yake kwamba kichwa kinamwuma. Baba hakumwita mvivu, wala hakuuliza ni nani aliyemroga. Aliagiza achukuliwe na kupelekwa kwa mama yake. Tunaanza na habari hii kwa sababu katika vijiji vyetu vya Mbulu na Hanang wako wengi wanaolia kama mtoto yule, na wengi wao hawasadikiwi.

1. Ugonjwa wenyewe

Maumivu ya kichwa ni ya namna nyingi. Leo tunazungumza juu ya namna moja, yaani kipandauso. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa na kupwita kama moyo unavyopiga. Huzidi mtu anapoinama au anapopanda kilima na ndoo ya maji. Mgonjwa husikia kichefuchefu, pengine hutapika, na mwanga na kelele humtesa. Asipotibiwa huumwa kwa saa 4 hadi siku 3. Wengine, kabla ya kuumwa, huona vimulimuli au mistari inayometameta, au husikia ganzi mkononi au usoni, kwa muda usiozidi saa moja hivi.

Kisha maumivu huondoka, na mtu akawa mzima kabisa mpaka siku nyingine. Hapo ndipo masengenyo huanza: "Jana alijifungia gizani, leo analima maharage. Alijisingizia tu." Ndugu, ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Madaktari wanatufundisha kwamba ubongo wa mtu huyu ni mwepesi kushtuka, na mara nyingi hali hiyo hurithiwa katika ukoo. Si uvivu, si wazimu, wala si uchawi.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa watu wa mjini. Mnamo mwaka 2003 na 2004 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, hapa hapa Mbulu. Waliuliza habari za watu 7,412. Walikuta kipandauso kwa watu wapatao 4 katika kila 100, na wanawake walioumwa walikuwa karibu mara tatu ya wanaume. Basi katika kanisa lililojaa siku ya Jumapili, yamkini wapo wachache wetu wenye ugonjwa huu, na wengi wao ni kina mama.

2. Mambo yanayouamsha

Kila mgonjwa ana yake, lakini haya ndiyo ya kawaida: njaa, kiu, kukosa usingizi, jua kali, moshi wa jikoni, wasiwasi, na siku za hedhi. Mama anayeamka alfajiri kuchota maji na kukata kuni, asionje kitu mpaka mchana, anaualika ugonjwa. Hali kadhalika yeye anayekesha msibani bila kula, au anayeshinda mnadani juani bila maji.

Tunashauri jambo jepesi. Chukueni kalenda ya ukutani. Kila siku ya kuumwa wekeni alama, na kila siku ya kumeza dawa wekeni alama nyingine. Andikeni pia mlikula saa ngapi na mlilala namna gani. Baada ya miezi miwili au mitatu mtaanza kuona desturi ya ugonjwa wenu, na mganga wa zahanati atafurahi kuiona kalenda hiyo.

Juu ya Kwaresima: ikiwa kukaa na njaa hukuletea kipandauso, zungumza na kasisi wako. Unaweza kufunga kwa kujinyima kitu kingine. Bwana hapendezwi na mtu kutapika gizani kwa ajili ya saumu.

3. Dawa, na mtego wake

Maumivu yanapoanza, usingoje yakomae. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500, asizidishe vidonge 8 kwa siku nzima. Wengine husaidiwa zaidi na aspirini au ibuprofeni, lakini hizo hazifai kwa mwenye vidonda vya tumbo wala mama mjamzito, na mtoto asipewe aspirini. Kunywa maji, lala penye giza na kimya, weka kitambaa chenye maji baridi kwenye paji la uso. Chai ya tangawizi huwasaidia wengine kutuliza kichefuchefu.

Sasa sikieni juu ya mtego. Dawa hizi zinauzwa moja moja dukani, na anayeumwa mara kwa mara huishia kumeza kila siku. Madaktari wameona kwamba anayemeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa muda wa miezi mitatu na zaidi, dawa yenyewe huweza kuwa chanzo cha kuumwa. Kwa vidonge vilivyochanganywa na kafeini au kodeini, siku 10 zatosha kuleta shida hiyo. Basi tujiwekee mpaka wa siku mbili kwa juma. Ukiona huwezi kuushika mpaka huo, usiongeze vidonge. Nenda kwa daktari. Zipo dawa za kuzuia, kama propranololi na amitriptilini, ambazo hunywewa kila siku kwa miezi kadhaa ili maumivu yapungue. Daktari ndiye atakayechagua, maana propranololi, kwa mfano, haimfai mwenye pumu.

Wala tusimeze dawa ya malaria kila kichwa kinapouma. Tupime damu kwanza.

4. Wakati wa kukimbilia hospitali

Mtoto wa Mshunami alikufa adhuhuri ile ile. Si kila kichwa ni kipandauso. Nenda mara moja ikiwa maumivu yamekuja ghafula na kwa ukali usio wa kawaida. Ikiwa yana homa na shingo ngumu. Ikiwa mtu amelegea upande mmoja, haongei sawasawa, au amechanganyikiwa. Ikiwa ameanguka au kupigwa kichwani. Ikiwa ni mama mjamzito au aliyejifungua karibuni. Au ikiwa yameanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50. Anayeumwa kichwa na kupata degedege naye apelekwe upesi. Katika wilaya zetu zinazofuga nguruwe, tegu wa nguruwe anaweza kuingia katika ubongo na kuleta hayo.

5. Wajibu wetu

Wapo wanaochanjwa chale kwenye paji la uso, na wapo wanaoambiwa kwamba hawaponi kwa sababu imani yao ni haba. Chale haziponyi, na wembe uliotumiwa na wengi huleta magonjwa mengine. Na neno lile juu ya imani huongeza jeraha. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie dawa ya tumbo (1 Timotheo 5:23), wala hakumlaumu. Kuomba na kumeza dawa havigombani.

Hatuwezi kuwaahidi wagonjwa kwamba ugonjwa utaondoka kabisa. Dawa ya kuung'oa haijapatikana. Lakini unaweza kufugwa. Na sehemu ya dawa hiyo iko mikononi mwetu tulio wazima: kumchotea maji, kuwanyamazisha watoto, kumwachia nafasi ya kulala, na kumsadiki.

Maswali ya kuzungumza
1. Katika nyumba yako, nani huumwa kichwa mara kwa mara? Umewahi kumwita mvivu?
2. Kwenye misiba yetu, tunawezaje kuhakikisha kwamba wanaokesha wanakula na kulala kwa zamu?
3. Ni siku ngapi mwezi uliopita ulimeza dawa ya maumivu?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeyabeba maumivu yetu, uwatulize wanaoumwa, uwape hekima wanaowatibu, na utufundishe sisi kuwasadiki ndugu zetu. Amina.