Soma Namba ya Boti Kabla ya Kupanda



Maji ya mto wetu hayalali Korogwe. Mto Pangani, ambao wazee wengi wa huku huuita Ruvu, unatoka upande wa Kilimanjaro na Meru. Unapita kwetu Old Korogwe. Unateremka mpaka Hale, ambako kituo cha umeme wa maji kilianza kazi mwaka 1964. Halafu unakwenda kuingia baharini katika mji wa Pangani. Tunalima kando ya mto huu na kuuvuka kila siku. Lakini ni wangapi kati yetu tumeona unapoishia?

Somo la leo linatupeleka huko kwa njia ya bahari. Tutapanda boti ya mashine Tanga mjini na kufuata pwani kwenda kusini mpaka Pangani. Ni safari ya kama kilomita 50. Kisa hiki ni cha kufundishia tu. Lakini mahali ni pa kweli, na hatari zake ni za kweli.

SAFARI INAPANGWA

Tuseme wanakisomo 12 wa Old Korogwe wamechanga fedha. Wanataka kuona bahari. Wamechagua mwezi wa Januari. Kwa nini Januari?

Watu wa pwani huhesabu mwaka kwa pepo. Upepo wa kusi huvuma toka kusini, hasa kati ya Mei na Septemba. Wakati huo bahari huchafuka mara nyingi. Upepo wa kaskazi huvuma toka kaskazini, kuanzia Desemba mpaka Machi. Hizo ni siku za joto, na asubuhi bahari huwa imetulia. Anayetoka Tanga kwenda Pangani wakati wa kaskazi anasukumwa na upepo kwa nyuma. Lakini mchana upepo huongezeka. Kwa hiyo msafiri mwenye akili huondoka mapema.

Kabla ya kwenda, wanakisomo walisikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza hali ya upepo na mawimbi. Siku hiyo hapakuwa na onyo lolote.

HESABU YA MAFUTA

Nahodha aliwaambia hivi: "Boti yangu inakwenda kilomita 12 na nusu kwa saa. Kwa hiyo mpaka Pangani ni saa 4. Mashine inakula lita 5 kwa saa. Basi kwenda ni lita 20."

Mwanakisomo mmoja akasema, "Kwenda lita 20, kurudi lita 20. Nunua lita 40."

"La, bwana," nahodha akajibu. "Nanunua lita 60. Fungu moja la kwenda, fungu moja la kurudi, na fungu moja la akiba. Baharini hakuna mahali pa kununua mafuta."

Wengine waliguna kwa sababu ya bei. Tutaona baadaye nani alikuwa na haki.

HESABU YA MAJI

Sisi wa mtoni tumezoea maji yanayokwenda upande mmoja. Maji ya bahari hujaa na kupwa. Huchukua kama saa 6 kujaa, na kama saa 6 tena kupwa. Kila siku saa ya kujaa inasogea mbele, kwa wastani kama dakika 50.

Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo huitwa bamvua. Katika pwani ya Tanga, tofauti ya maji ya bamvua hupita mita 3. Huo ni urefu wa ukuta wa nyumba! Mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Hayo huitwa maji mafu.

"Jana usiku mwezi ulikuwa nusu," nahodha alisema. "Leo ni maji mafu, na yatajaa karibu saa 5 mchana. Tukiondoka saa 1 asubuhi, tutafika Pangani saa 5. Hapo ndipo mlango wa mto unapitika vizuri."

HESABU YA WATU

Saa 1 asubuhi watu wote 12 walikuwa ufukweni. Nahodha alianza kuwapakia. Mama katibu wa kikundi alikuwa nyuma. Akainama, akasoma maandishi ubavuni mwa boti, polepole, herufi kwa herufi: ABIRIA 10.

"Shikamoo mama, panda tuondoke," nahodha alisema.

"Marahaba mwanangu. Hapa pameandikwa abiria 10. Sisi tuko 12."

"Aa, mama, hayo ni maandishi tu. Juzi nilipakia watu 15, tukafika salama."

"Waliofika ndio wanaosimulia, mwanangu. Wasiofika hawasimulii."

Jamani, maneno yakazuka pale. Mmoja akasema, "Ni wawili tu wamezidi, tubanane." Mwingine akasema, "Tumetoka mbali, na fedha tumelipa. Tena sisi sote ni ndugu."

Mama katibu akajibu, "Boti haijui kama sisi ni ndugu. Inajua uzito." Kisha akauliza swali la pili: "Mwanangu, majaketi ya kuokolea ni mangapi?"

Nahodha akahesabu. Yalikuwa 12. Mawili yalikuwa ya nahodha mwenyewe na msaidizi wake, na 10 ya abiria.

Tusimame hapa kidogo. Kwa nini namba ile ni kubwa kuliko maneno ya watu wote? Kila mtu anayeongezeka anaizamisha boti kidogo. Ubavu unakuwa chini, karibu na maji. Wimbi ambalo lingegonga ubavu sasa linaingia ndani. Maji yakiingia, uzito unaongezeka tena. Watu wakiogopa, wanakimbilia upande mmoja. Boti inapinduka.

Haya yametokea katika nchi yetu. Tarehe 10 Septemba 2011, usiku, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikienda Pemba. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Watu zaidi ya 200 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Nchi kavu ilikuwa inaonekana kwa macho.

Namba ya abiria si pambo. Huwekwa baada ya chombo kukaguliwa. Upande wa Bara kazi hiyo inasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC. Kama namba haionekani ubavuni, mwulize nahodha akuonyeshe cheti cha chombo.

Turudi ufukweni. Mwisho mama katibu alisema, "Mimi ndiye niliyesoma. Basi mimi nitashuka. Nani ananisindikiza?" Mwenyekiti akanyanyua mkono. Wawili hao wakaenda kupanda basi la Pangani. Walikubaliana kwamba siku ya kurudi wao watapanda boti, na wengine wawili watapanda basi. Boti iliondoka saa 2. Maneno yalikuwa yamekula saa nzima.

NJIANI

Boti ilipita Kisiwa cha Toten ndani ya ghuba ya Tanga, ikatoka nje, ikaviona visiwa vya Yambe na Karange. Kisha wakafika mbele ya Tongoni. Hapo kuna magofu ya msikiti wa kale na makaburi kama 40, mengine yana nguzo.

Mahali hapa panatufundisha jambo. Mwezi wa Aprili 1498, meli za Vasco da Gama wa Ureno zilipita hapa kwenda Mombasa. Meli moja, São Rafael, ilipanda juu ya fungu usiku. Wageni wale hawakuyajua maji haya. Meli ilikaa pale mpaka maji yalipojaa na kuielea. Mwaka uliofuata, 1499, waliirudisha hapo hapo wakaichoma moto, maana mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Wenyeji walikuwa wamejua saa za maji kabla yao.

Baada ya Tongoni ni Kigombe, kijiji cha wavuvi. Kuanzia mwaka 2003 wavuvi wa pwani hii walinasa samaki wa ajabu katika nyavu za kina kirefu. Anaitwa silikanti. Wataalamu walidhani samaki huyo amekwisha duniani zamani sana, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti katika pwani hii.

MLANGONI PA MTO

Boti ilifika Pangani saa 6, si saa 5. Maji yalikuwa yameanza kupwa. Mto ulikuwa unatoka kwa nguvu, na upepo wa mchana ulikuwa unaleta mawimbi. Maji ya mto na mawimbi ya bahari vilikutana juu ya fungu la mchanga. Hapo bahari huchemka kama sufuria.

"Kaeni chini! Mtu asisimame!" nahodha alipiga kelele. Wimbi moja likaruka ubavu, likaingia ndani. La pili likaingia. Msaidizi akatoa maji kwa kata, na abiria wawili wakamsaidia kwa ndoo. Ubavu ulibaki juu ya maji kama shubiri mbili tu. Halafu boti ikaingia mtoni, maji yakatulia.

Mama katibu na mwenyekiti walikuwa wanangoja ufukweni. Nahodha aliposhuka, alimwendea mama moja kwa moja. "Mama," alisema, "wangekuwa 12, sijui." Hakumaliza.

Wanakisomo walichota maji ya mto kwa viganja. Yalikuwa ya chumvi kidogo, maana bahari huingia mtoni inapojaa. Lakini yalikuwa maji ya Korogwe.

Nahodha aliwaonyesha pia upande wa Kisiwa cha Maziwe, kusini-mashariki ya mji. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walitaga huko. Bahari ilikila kisiwa. Tangu miaka ya 1980 umebaki mchanga mtupu, unaofunikwa maji yakijaa. Anayeshuka pale bila kujua saa za maji ataikosa nchi chini ya miguu yake.

Siku ya kurudi, nahodha alingoja kwanza maji yaongezeke mlangoni. Safari hii kaskazi ulikuwa unavuma usoni. Boti ilichukua zaidi ya saa 5, na mashine ikala lita 27. Kwenda na kurudi, jumla lita 47. Wangenunua lita 40, mashine ingezima katikati ya bahari. Waliokuwa wameguna walinyamaza.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Soma idadi ya abiria, kisha hesabu watu.
2. Hesabu majaketi ya kuokolea. Vaa lako kabla ya kuondoka.
3. Uliza saa ya maji kujaa na kupwa.
4. Uliza kama kuna mafuta ya akiba.
5. Ndani ya boti, kaa chini. Usikimbilie upande mmoja.
6. Chombo kikizidi idadi, shuka. Nauli hurudi, roho hairudi.

MANENO YA SOMO

Bamvua: maji yanayojaa na kupwa sana.
Maji mafu: maji yasiyopanda wala kushuka sana.
Fungu: mchanga au mwamba ulio karibu na uso wa maji.
Kata: chombo cha kutolea maji.

MASWALI

1. Boti ingeondoka saa 1, ingefika Pangani saa ngapi?
2. Baada ya safari yote zilibaki lita ngapi za mafuta?
3. Kivuko kimeandikwa abiria 60. Wamepanda 74. Wangapi washuke?
4. Zungumzeni katika kikundi: nahodha akisema "hayo ni maandishi tu", mtamjibu nini?