Askari wa mwili wanapougeukia ubongo

MSOMAJI, mwili wako hulindwa na chembechembe nyeupe za damu. Miongoni mwazo ni chembe za T, ambazo hukomaa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Huko huchujwa: zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa. Hata hivyo, chache huponyoka.

Katika ugonjwa wa maltipo sklerosisi, chembe hizi huchochewa, hupenya kuta za mishipa ya damu na kuingia ubongoni na katika uti wa mgongo. Huko huidhania mielini kuwa adui. Mielini ni utando wa mafuta unaofunika neva kama mpira unavyofunika waya wa umeme. Chembe hizo hutoa kemikali na kuziita nyingine zije kushambulia. Utando huchunika, na ujumbe wa neva huchelewa au hukatika.

Dalili ni jicho moja kuuma na kuona ukungu, ganzi, miguu kukosa nguvu au kuyumbayumba. Aghalabu hupungua baada ya wiki kadhaa, mgonjwa akadhani amepona. Hapo ndipo penye hatari, kwani kila shambulio laweza kuacha kovu.

Dawa ya natalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2004, huzizuia chembe za T kuingia ubongoni. Lakini ubongo ukikosa walinzi hao, virusi vya JC vyaweza kuuharibu. Kwa hivyo anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara.

Ukiona dalili hizi, usingoje zipite. Mwone daktari. Ugonjwa huu hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini dawa zikianzwa mapema hupunguza mashambulio.