Miji mahiri: Nafasi za biashara kwa kampuni za teknolojia za mashinani

Kenya sasa ina majiji matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru lililopata hadhi hiyo mwaka 2021, na Eldoret mwaka 2024. Huko Konza, jiji la kiteknolojia linajengwa kwenye ekari 5,000. Miji hii yote inahitaji teknolojia, na kazi hiyo si ya kampuni kubwa za kigeni pekee.

Mji mahiri ni upi?

Ni mji unaotumia vifaa vya kupima na mtandao ili kuboresha huduma. Chukua mfano wa maji. Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosambazwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi. Mengine huvuja, mengine huibwa na mengine hupita kwenye mita mbovu. Mita ya kidijitali hutuma vipimo ofisini kupitia mtandao wa simu. Saa nane usiku, wakazi wengi wakiwa wamelala, maji yanayoingia mtaani yanafaa kuwa machache. Yakiwa mengi, huenda kuna bomba lililopasuka, na fundi hutumwa mapema.

Mfumo huo unahitaji muuzaji wa mita, fundi wa kuzifunga, mtaalamu wa programu na mtu wa kuzirekebisha zinapoharibika. Kampuni ndogo iliyo karibu inaweza kufanya vizuri hasa katika matengenezo, kwa sababu inafika upesi. Ndivyo ilivyo pia kwa taa za barabarani, maegesho ya magari na malipo ya ada sokoni.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka angalau asilimia 30 ya zabuni itengewe vijana, wanawake na watu wanaoishi na ulemavu kupitia mpango wa AGPO. Kaunti nazo zinatakiwa kutengea wakazi wake angalau asilimia 20.

Jinsi ya kujiandaa

1. Sajili biashara kupitia eCitizen, pata cheti cha kutimiza ulipaji ushuru kutoka KRA, kisha omba cheti cha AGPO. Cheti hicho hutolewa bila malipo. Usimlipe yeyote akuombaye pesa ili ukipate.

2. Soma mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambao huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Humo utaona miradi kabla ya zabuni kutangazwa.

3. Ungana na wengine. Kampuni mbili ndogo zinaweza kuomba zabuni kwa ubia, moja ikileta mafundi na nyingine programu.

4. Linda taarifa za wakazi. Majina, nambari za simu na bili zao zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Fahamu wajibu wako kwa Ofisi ya Kamishna wa Data kabla ya kuomba kazi.

5. Usipeleke bidhaa kwa ahadi ya mdomo. Kisheria, hakuna mkataba hadi ule wa maandishi utiwe saini. Anayekopa benki na kupeleka mali bila mkataba anaweza kubaki na deni asilo na pa kulidai.

Asilimia iliyotengwa kisheria haimfikii asiye na stakabadhi. Wakati wa kuziandaa ni sasa, kabla zabuni haijatangazwa.