Rangi ya Kweli: Kupiga Picha Vito na Mapambo kwa Simu

Tangu igunduliwe mwaka 1967, tanzanaiti imechimbwa Mirerani pekee, wilayani Simanjiro, humu humu mkoani Manyara. Mteja wa mbali akifungua picha iliyopigwa Babati hutazama rangi kabla hajauliza bei, na rangi ndiyo simu huivuruga kuliko kitu kingine chochote.

Jiwe lenyewe lina rangi zaidi ya moja. Lishike kwa kibano, uligeuze polepole: upande huu bluu, upande ule zambarau. Mchana bluu hutawala. Chini ya balbu ya manjano zambarau hujitokeza. Simu nayo hurekebisha rangi bila kukuuliza, jiwe la zambarau likatoka bluu iliyokolea. Mteja akilipokea ataamini umembadilishia.

Kwa hiyo kaa barazani penye kivuli, au kando ya dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa za ndani, kwani mwanga wa aina mbili huchanganya rangi. Flashi usiiwashe kabisa. Tandika karatasi nyeupe isiyong'aa; kitambaa cha bluu hulipa jiwe uzuri ambao si wake, na hata shati lako la rangi kali huakisi ndani yake. Futa lenzi, kisha futa jiwe kwa kitambaa laini, maana alama ya kidole huonekana kama ufa. Egemeza simu mahali imara, gusa jiwe kwenye kioo na ushikilie mpaka fokasi itulie, halafu punguza mwangaza kidogo. Simu ikikataa kuona vizuri, rudi nyuma, ukuze picha.

Bangili za shaba za mafundi wa Kidatoga zina shida yao: huakisi kila kitu, pamoja na uso wako. Zizungushie karatasi nyeupe pande zote, utoboe tundu la lenzi. Shanga hazisumbui hivyo; mwanga mlaini unatosha.

Piga pia video fupi ukiligeuza jiwe, na picha moja likiwa kando ya rula. Taja uzito kwa karati (karati moja ni gramu 0.2). Ufa upige kwa karibu, usiufiche. Kama jiwe limechomwa ili bluu ikolee, kama zilivyo tanzanaiti nyingi sokoni, liandike hivyo. Usiongeze rangi kwa programu yoyote. Mnunuzi aliyedanganywa na picha huwapa mgongo wauzaji wote wa Manyara, nao hawakumkosea.

Kabla ya kutangaza picha hizo, kumbuka kwamba kununua na kuuza madini ya vito kunahitaji leseni ya Tume ya Madini, hata biashara ikiwa ya mtandaoni.

Mwisho, usalama. Simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kabla ya kuanza kazi, na usionyeshe mawe yako yote katika picha moja.