Jua Haki Zako: Nyumba Iliyojengwa kwa Kujitolea Ina Mwenyewe

Septemba 2000, maelfu ya watu wa kujitolea walimiminika mjini Jacksonville, jimbo la Florida, Marekani. Kwa siku 17 walisimamisha nyumba 85 katika mtaa wa Fairway Oaks, kazi iliyoendeshwa na tawi la shirika la Habitat for Humanity. Miaka michache baadaye baadhi ya wakazi walianza kulalamika juu ya nyufa na ukungu, na suala likafika kwa mawakili. Malalamiko ya aina hii yanapozuka popote, hakosekani wa kuuliza: mtu aliyepewa nyumba analalamika nini?

Jibu ni kwamba hakuna aliyepewa. Familia inayoingia kwenye mpango huu hununua nyumba. Kwanza hutoa mamia ya saa za jasho, ikichanganya zege na kupaka rangi kwenye nyumba yake na za majirani. Kisha husaini mkopo nafuu na kuulipa kila mwezi kwa miaka mingi, na marejesho hayo husaidia kujenga nyumba za wengine. Hati hutoka kwa jina la mnunuzi. Mbele ya sheria, haki zake ni zile zile za aliyenunua jumba la kifahari ng'ambo ya barabara.

Utaratibu huu una mizizi ya kusisimua. Habitat ilianzishwa Americus, Georgia, mwaka 1976 na Millard na Linda Fuller. Walitokea Koinonia, shamba lililofunguliwa mwaka 1942 ambako weusi na weupe waliishi na kula pamoja enzi za ubaguzi, wakasusiwa sokoni na kupigwa risasi kwa ajili hiyo. Kati ya 1973 na 1976 akina Fuller waliujaribu mpango wa nyumba Mbandaka, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Leo familia za wakimbizi kutoka Kongo ni miongoni mwa wanaonunua nyumba za namna hii Marekani, na wengi wao wanakutana na makaratasi ya umiliki kwa mara ya kwanza maishani.

Maisha ya mtaa kama huo yana utamu wake. Majirani hufahamiana kabla hata ya kuhamia, maana huyu alimpakia yule rangi ya jikoni, na yule akamshikia huyu ngazi. Hapo hapo ndipo penye ugumu. Kumdai hesabu mhazini wa chama cha mtaa aliyekushikia ngazi kunaonekana kukosa adabu, na kuliandikia barua shirika lililokufungulia mlango kunaonekana kukosa shukrani. Wenye nyumba wengi hunyamaza kwa sababu hiyo tu, na muda wa kisheria unawapita. Sheria hutofautiana jimbo hadi jimbo. Hapa tutaangalia zaidi Florida, pamoja na sheria za nchi nzima.

Chama cha wenye nyumba

Mitaa mingi mipya huwa na chama ambacho kila mwenye nyumba ni mwanachama kwa lazima. Masharti yake huandikishwa kaunti na hufuata ardhi: anayenunua nyumba ananunua na masharti, ayasome asiyasome. Mwanzoni mjenzi ndiye mwenye sauti. Florida inasema miezi mitatu baada ya asilimia 90 ya viwanja kukabidhiwa kwa wanunuzi, wakazi wana haki ya kuchagua wajumbe wengi wa bodi. Katika mtaa wa nyumba 50, hesabu hiyo inatimia nyumba ya 45 ikishakabidhiwa.

Mikutano ya bodi iko wazi kwa wanachama, isipokuwa bodi inapokutana na wakili wake kuhusu kesi au inapojadili mambo ya wafanyakazi. Tangazo hubandikwa mtaani saa 48 kabla, na mwanachama anaruhusiwa kusema juu ya kila ajenda. Vitabu vya hesabu navyo haviwezi kufichwa. Mwanachama akiomba kwa maandishi, chama kina siku 10 za kazi kumwonyesha. Kikikataa kwa makusudi, anaweza kudai fidia ya dola 50 kwa siku, hadi siku 10. Barua hiyo itumwe kwa rejista, ili siku ya kupokelewa ijulikane.

Ungo, mchicha na barua ya faini

Tuchukue mfano. Mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, ameweka ungo wa satelaiti ukutani ili apate habari za nyumbani. Nyuma ya nyumba, ndani ya uzio usiopenywa na macho, amepanda lengalenga, yaani mchicha, na kutundika kamba ya kuanikia nguo. Anapata barua ya chama: aondoe vyote, au alipe faini.

Kuhusu ungo, kanuni ya shirikisho iliyopo tangu 1996 inakataza chama kuzuia ungo usiozidi kipenyo cha mita moja ukiwa sehemu anayoimiliki au kuitumia mwenyewe peke yake. Masharti ya usalama yanakubalika. Marufuku ya jumla haikubaliki. Akipeleka shauri lake Tume ya Mawasiliano, faini haiendelei kuhesabiwa wakati shauri linasikilizwa, ila kama jambo lenyewe ni la usalama.

Kuhusu mboga na kamba, Florida inazuia chama kukataza bustani ya mboga au kamba ya nguo ambayo haionekani kutoka mbele ya kiwanja wala kwa majirani.

Na faini yenyewe ina utaratibu. Mwenye nyumba apewe notisi ya maandishi ya siku 14 juu ya haki yake ya kusikilizwa na kamati ya watu wasiopungua watatu, ambao si viongozi, si wafanyakazi wa chama na si ndugu zao wa karibu. Kamati isipoikubali faini, faini inakufa. Kwa kawaida haizidi dola 100 kwa kosa, na isipofika dola 1,000 haiwezi kuandikishwa kama deni juu ya nyumba.

Ada ya chama ni habari nyingine kabisa. Nyumba inaweza kupigwa mnada kwa ada isiyolipwa hata kama mkopo unalipwa bila kukosa. Chama lazima kitoe notisi ya siku 45 kabla ya kuandikisha deni, na nyingine ya siku 45 kabla ya kwenda mahakamani. Kwa hiyo kugoma kulipa ada kwa kuwa bodi ni mbovu ni hatari kubwa. Alipe, aandike kuwa analipa huku akipinga, kisha adai hesabu.

Ubaguzi

Sheria ya Haki ya Makazi ilitiwa saini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Inakataza ubaguzi wa rangi, dini, asili ya taifa na jinsia, na tangu 1988, wa ulemavu na wa familia zenye watoto. Inavibana vyama vya mitaa pia. Kanuni ya kukataza watoto wote wasicheze nje inaweza kuvunja sheria hii. Vivyo hivyo kumkatalia mwenye kiti cha magurudumu njia ya mteremko mlangoni. Malalamiko hupelekwa Wizara ya Makazi, kwa simu 1-800-669-9777, ndani ya mwaka mmoja. Mahakamani ni ndani ya miaka miwili.

Ukuta ukipasuka

Kujenga kwa kujitolea hakuondoi wajibu wa kujenga vizuri. Sheria ya shirikisho ya 1997 humlinda mtu binafsi aliyejitolea, hivyo mwanafunzi aliyepigilia msumari vibaya hashitakiwi kwa uzembe wa kawaida. Shirika lenyewe halikuingizwa katika kinga hiyo. Florida humtaka mwenye nyumba atoe notisi ya maandishi siku 60 kabla ya kushitaki, ili mjenzi apate nafasi ya kukagua na kurekebisha. Muda wa kushitaki ni miaka minne, na ukomo wa juu, ambao zamani ulikuwa miaka 10, ulishushwa kuwa saba mwaka 2023. Picha zenye tarehe zipigwe siku dalili ya kwanza inapoonekana, na notisi ifuate mapema.

Mkopo na kodi

Nyumba hizi mara nyingi huwa na mkopo wa pili usiolipwa kila mwezi, unaofidia tofauti kati ya bei ya soko na bei aliyouziwa mnunuzi. Akiuza mapema, huenda akatakiwa kuurudisha, na shirika huwa na haki ya kuwa la kwanza kuinunua nyumba. Mambo haya yasomwe kabla ya kusaini, mkalimani akiwepo.

Malipo ya mwezi yakipanda ghafla, mara nyingi ni kodi ya nyumba au bima iliyopanda. Mwenye nyumba anaweza kuandika barua ya kudai kosa lirekebishwe. Msimamizi wa mkopo anapaswa kukiri kuipokea ndani ya siku tano za kazi na kujibu ndani ya 30. Kwa kawaida hatua ya kwanza ya kisheria ya kuinadi nyumba haiwezi kuanza kabla malipo hayajachelewa kwa zaidi ya siku 120. Hizo ni siku za kutafuta makubaliano.

Florida pia hupunguza kodi kwa nyumba anayoishi mwenyewe, lakini ni lazima aombe, na mwisho wa kuomba ni tarehe 1 Machi. Washauri wa makazi waliothibitishwa na Wizara ya Makazi, na ofisi za msaada wa kisheria za kaunti, huwasaidia wenye kipato kidogo bure au kwa ada ndogo. Anayekwenda huko abebe hati ya nyumba, mikataba yote miwili ya mkopo, masharti ya chama, na kila barua aliyopokea pamoja na bahasha yake, kwa kuwa muhuri wa posta ndio unaoonyesha siku zimebaki ngapi.