Kazi ya Seli za Kinga katika Mabaka ya Ukoma

Baka la ukoma kwa kawaida haliwashi wala haliumi. Rangi yake hufifia kuliko ya ngozi inayolizunguka, au huwa na wekundu kidogo, na mara nyingi limepoteza hisia. Kwa hiyo mkazi wa Mbagala au Tandale anaweza kukaa nalo mwaka mzima akilipaka dawa ya choa, na mtoa huduma naye akamwongezea nyingine. Makala hii inaeleza kinachotendeka ndani ya baka hilo, kwani anayekielewa hatalipuuza.

Ukoma husababishwa na bakteria aitwaye Mycobacterium leprae, aliyegunduliwa mwaka 1873 na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norwei. Bakteria huyu hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, na mishipa ya fahamu, yaani neva, iliyo karibu na ngozi. Hugawanyika mara moja tu katika takriban wiki 2, ndiyo maana dalili hujitokeza baada ya wastani wa miaka 5, na pengine 20. Sumu yake si kali. Sehemu kubwa ya madhara tunayoyaona hutokana na jinsi kinga ya mwili inavyompokea.

Ncha mbili za ugonjwa mmoja

Watu wengi wanaoambukizwa hawaugui kamwe. Miongoni mwa wanaougua, kuna ncha mbili.

Ncha ya kwanza ni ukoma wa tuberkuloidi. Hapa seli T saidizi, zijulikanazo kama CD4, hukusanyika kwa wingi katika baka na kutoa interferoni gama. Kemikali hii huzichochea makrofaji, yaani seli zinazomeza vijidudu, ziwaue bakteria zilizowameza. Seli hizo hujipanga kuwa granuloma: makrofaji na CD4 katikati, seli T za CD8 pembeni. Bakteria hubaki wachache sana, na mabaka huwa machache yenye mipaka dhahiri. Hata hivyo mapambano hayo hufanyika pia ndani ya neva, nayo neva huharibika. Hiyo ndiyo asili ya ganzi.

Ncha ya pili ni ukoma wa lepromatasi. CD4 ni chache, seli za CD8 zimetawanyika, na kemikali kama interleukini 10 huipooza kinga. Makrofaji huwameza bakteria lakini hushindwa kuwaua. Hujaa mafuta na bakteria hata zikaonekana kama povu chini ya hadubini. Mgonjwa hupata mabaka mengi, vinundu, na ngozi ya masikio hunenepa. Wagonjwa wengi wako kati ya ncha hizi mbili.

Wasomaji wengi wanazifahamu CD4 kupitia kliniki za Virusi vya UKIMWI. Ilidhaniwa kuwa mwenye CD4 chache hawezi kujenga granuloma, lakini vipande vya ngozi vilivyochunguzwa vimeonyesha kuwa anaweza. Zaidi ya hayo, anapoanza dawa za kufubaza virusi na kinga ikarejea, baka lililokuwa limetulia linaweza kuvimba.

Mcharuko si sumu ya dawa

Ukoma hutibiwa bure kwa dawa mseto: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Mwenye mabaka 1 hadi 5 hutumia kwa miezi 6. Mwenye zaidi ya 5, miezi 12. Kabla ya matibabu, wakati wake au hata baada yake, kinga inaweza kucharuka.

Katika mcharuko wa aina ya kwanza, CD4 huongezeka ghafla: baka huwa jekundu na huvimba, neva huuma, mkono hulegea au unyayo hushindwa kuinuka. Aina ya pili huwapata wenye bakteria wengi. Vinundu vyenye maumivu huibuka pamoja na homa.

Mgonjwa akiona hayo hudhani dawa zinamdhuru, akaziacha. Hilo ni kosa linaloweza kumgharimu mkono au mguu. Aendelee na dawa, na afike kituoni siku hiyo hiyo. Predinisoloni hutuliza seli za kinga, na neva iliyoathirika kwa muda usiozidi miezi 6 ina nafasi nzuri ya kurejea. Ikichelewa, huenda isirejee tena.

Wajibu wetu

Mwaka 2006 Tanzania ilifikia lengo la kitaifa la kuwa na wagonjwa chini ya 1 kwa kila watu 10,000. Kufikia lengo si kuumaliza ugonjwa; wagonjwa wapya bado hugunduliwa kila mwaka. Wala hatuna tena sababu ya kuwatenga watu katika makazi kama yale ya Nunge, Kigamboni: mgonjwa aliyeanza dawa huacha upesi kuambukiza, na anaweza kula na kulala na familia yake.

Ewe mtoa huduma, kabla hujaandika dawa ya choa, mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha gusa baka kwa ncha ya pamba na umwombe aonyeshe ulipogusa. Papasa pia neva za kiwiko na goti. Na wewe mama lishe unayeshika sufuria ya moto bila kuhisi joto lake, usijisifu kuwa mkono umezoea. Nenda ukapimwe.